Mpira wa Lowell

Lowell Kratochvil alituaga mwezi wa tano, kwenye maegesho ya bweni, gari la baba yake likiwa limeshapakiwa. Ndiye aliyekuwa mrushaji wetu katika mpira wa Kimarekani, mtu ambaye kila shambulizi la timu huanzia mikononi mwake. Chuo kikuu cha jimbo jirani kilikuwa kimemwita, chenye uwanja unaoweza kumeza wilaya yetu nzima na viti vikabaki. Sisi wa Bellamy ni chuo kidogo katikati ya mahindi ya Nebraska. Wakubwa wakikuita, unakwenda.

Tavian Mayhew, mdakaji wetu, alimbebea mabegi. Walicheza pamoja miaka miwili, na Lowell alikuwa akiuachia mpira kabla Tavian hajageuka, akijua atageukia wapi.

"Ukifika huko usijifanye hutujui," Tavian alisema.

"Nitakupigia kila Jumapili."

"Nani kakuomba? Nenda zako, mkulima wewe!"

Alicheka, lakini gari lilipopotea barabarani alibaki amesimama pale mpaka nikamvuta mkono twende tukale.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele, kazi yangu kuzuia watu wasimfikie mrushaji. Msimu ulipoanza Septemba, niliyekuwa nikimlinda ni Briggs, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mkono wa nguvu na woga mwingi. Mpira wa Lowell ulikuwa ukitua kifuani kwa Tavian taratibu. Wa Briggs ulifika kama tofali, au haukufika. Tulifungwa, tukafungwa tena. Tavian alikimbia njia zake zile zile, akageuka pale pale alipozoea, mikono ikabaki mitupu.

Siku moja mazoezini Briggs alimfuata. "Kaka, niambie nakosea wapi."

"Hukosei popote. Ni kwamba wewe si Lowell, basi."

Uwanja mzima ulisikia. Kocha Haskell akatupa filimbi chini.

"Mayhew! Mrushaji wako ni huyu hapa. Yule mwingine kamlilie chumbani kwako!"

Siku tulizomaliza mechi mapema, tulikaa bwenini kuitazama timu ya Lowell kwenye runinga. Hakuchezeshwa hata mara moja. Kamera ilimpitia akiwa benchi, jezi yake haina hata doa la nyasi. Tavian alisogeza kiti karibu na kioo.

"Kakonda," alisema.

Simu za Jumapili zilipungua, zikageuka ujumbe mfupi, kisha kimya. Oktoba, nyasi zikiwa zimeanza kuganda kwa baridi, nilimwona Tavian akibaki na Briggs baada ya mazoezi. Nilimuuliza kulikoni.

"Nimechoka kumkimbilia mtu ambaye hayupo," alinijibu.

Tukaanza kushinda, si sana, lakini mjini watu wakaanza kutusalimia tena.

Mechi ya mwisho ilichezwa nyumbani, theluji nyepesi ikipeperuka. Timu ya Lowell haikuwa na mchezo wiki ile. Nilimwona kwenye uzio, amevaa koti la shambani la baba yake. Nikamwonyesha Tavian. Alimtazama kwa muda, akafunga mikanda ya kofia yake.

Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, limebaki shambulizi moja. Briggs alirusha mbali. Upepo ukaurudisha mpira, Tavian akasimama ghafla, akajipinda, akaudaka kwa ncha za vidole. Wawili wakamwangusha hatua moja kabla ya mstari wa mwisho, ambao angeuvuka tungeshinda. Filimbi ya mwisho ikalia.

Lowell aliruka uzio, akamfuata Tavian. Nilikuwa bado nimepiga magoti karibu nao.

"Tav, nataka kurudi. Zungumza na Kocha, wewe atakusikia."

Tavian aligeuka kumtazama Briggs, aliyekaa kwenye theluji kaficha uso.

"Njoo ugombee nafasi kama wengine. Lakini sitamsemea mtu."

"Nimekaa benchi msimu mzima! Nije nikae na hapa?"

"Hapa ungekaa na mimi."

Walikumbatiana muda mrefu. Kisha Tavian akaenda kumwinua Briggs, na Lowell akarudi garini.

Hakurudi Bellamy. Alimaliza masomo kule kule bila kurusha mpira wowote wa maana, na sasa analima na baba yake. Mwaka uliofuata Tavian na Briggs walitupa msimu mzuri kuliko yote niliyoiona.

Lakini jioni ile ya mechi ya mwisho, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Tavian alikaa kando yangu bila kuvua hata kiatu.

"Ungemwambia tu Kocha," nilisema. "Angekubali."

"Najua."

Wenzetu walipoanza kuondoka, akainama kulegeza kamba za viatu.

"Ule wa mwisho," alisema, "ungekuwa mpira wa Lowell, ningefunga."

"Ungefunga."

"Usije ukamwambia Briggs."