Mnandi Asiyekimbia

Siku ya kwanza ya masomo, Septemba 2011, Dakta Shamez Fidahussein aliita majina akiwa ameinamia karatasi yake. Alipofika kwa Jepkosgei alinyanyua uso, akavua miwani, akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Wa Kapsabet?" aliuliza.

"Karibu na hapo," Jepkosgei akajibu, na papo hapo akajua mambo yameanza tena.

Kwa miaka sita aliyokaa Toronto alikuwa ameulizwa swali hilo na kila aina ya mtu. Dereva wa basi alimwuliza. Daktari wa meno alimwuliza huku vidole vimo kinywani mwake. Mwenye nyumba kule Crescent Town alimwuliza hata kabla ya kumwonyesha jiko. Wewe ni wa kule wanakotoka wanariadha, au siyo? Unakimbia kilomita ngapi kwa siku? Ukweli ni kwamba Jepkosgei hakukimbia hata hatua kumi. Alizaliwa na kulelewa Nandi, sawa, lakini shule ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, baba yake alikuwa karani katika kiwanda cha chai, na siku za michezo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukata machungwa na kugawa glukosi. Alikuwa hodari kwelikweli katika kukata machungwa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, mabega mapana, mwili ulioshiba, na mwendo wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Kilichompeleka chuoni ni mgongo. Alikuwa mtunza wazee katika kituo kimoja cha Agincourt, na siku moja mzee wa kilo tisini aliteleza bafuni, yeye akamdaka, wakashuka wote wawili hadi sakafuni. Mzee hakuumia. Jepkosgei alikaa nyumbani wiki saba. Alipokuwa amelala chali akitazama dari, alijiuliza mbona katika miaka yote hiyo ya kuinua watu, kuwageuza na kuwaketisha, hakuna aliyemfundisha jinsi ya kufanya hivyo, isipokuwa video ya dakika kumi waliyoonyeshwa siku ya kuajiriwa huku wakila donati. Akatafuta masomo yanayohusu mwili unavyojongea. Akapata digrii ya sayansi ya mazoezi. Akajiandikisha, akabadilisha zamu zake, akanunua mkoba wa vitabu.

Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa waliokuja darasani na kaptura hata theluji ikianguka. Masomo yenyewe yalihusu wanariadha: misuli ya wanariadha, chakula cha wanariadha, usingizi wa wanariadha. Alipouliza ni lini watasoma kuhusu mtu anayeinua mgonjwa kitandani, aliambiwa mada hiyo ingeguswa kidogo mwaka wa nne. Ulipofika wakati wa kugawana makundi, makundi manne yalimgombania. Walimwandikisha katika timu ya mbio za kupokezana vijiti bila kumwuliza. Alijiondoa, wakadhani ni unyenyekevu.

Dakta Shamez alizidi wote. Wazazi wake walitoka Nakuru, yeye mwenyewe alizaliwa Toronto. Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimsemesha jibu lilitoka kwa Kiingereza. Alikuwa akiandika utafiti juu ya mapafu ya watu wa nyanda za juu za Kenya, na alikwishapata watu kumi na mmoja, wote wakimbiaji. Alihitaji wa kumi na mbili.

"Mimi sikimbii, Daktari," Jepkosgei alimwambia waziwazi.

"Haidhuru," alisema yeye. "Mwili haudanganyi. Kitu kimo ndani hata kama hukitumii."

Basi Februari akapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia. Alifungwa barakoa ya mpira puani na mdomoni, bomba likatoka hapo hadi kwenye mtambo unaopima ni hewa kiasi gani mwili unaweza kutumia ukifikia mwisho wa nguvu zake. Wakimbiaji wote wa Dakta Shamez walikuwa wamepita sitini. Jepkosgei alikimbia dakika nane, macho yakamtoka, akapiga kengele ya kusimamisha mashine. Mtambo ukaandika thelathini na moja.

Dakta Shamez aliitazama namba hiyo. Kisha akaenda kubadilisha bomba.

Juma lililofuata wakarudia. Thelathini. Safari hii alisema labda ni viatu. Akampa viatu vipya, vyepesi, vyenye rangi ya machungwa, akamwomba aje mara ya tatu, na akakumbusha kwa upole kwamba alama za kushiriki maabara yeye ndiye anayezitoa.

Kesho yake Jepkosgei aliyasimulia hayo yote kwa Mama Noorbanu, ajuza wa miaka themanini na mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa Kisumu zamani, na ambaye pale kituoni alikuwa mtu wake wa pekee wa kuongea naye Kiswahili. Alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta. Mama Noorbanu alicheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

"Alibadilisha bomba?"

"Alibadilisha bomba, Mama. Kwamba mashine imeharibika. Mimi ndiye mzima, mashine ndiyo mgonjwa."

"Mimi hapa kila Jumatano wananileta jikoni niwafundishe kupika kari," alisema Mama Noorbanu. "Miaka minne. Nilikuwa na mpishi maisha yangu yote. Sijui hata chumvi inawekwa saa ngapi."

"Sasa unafanyaje?"

"Nawaambia waongeze bizari. Wanafurahi." Alinyoosha mguu wa pili. "Lakini wewe usiongeze bizari, mwanangu. Wewe unasomea kitu."

Kusomea kitu ndiko kulikomsumbua. Katika kitabu cha chuo, ukurasa wa karibu na mwisho, Jepkosgei alikuwa ameona digrii nyingine isiyotangazwa sana: masomo ya kiufundi ya kujipangia. Mwanafunzi alichagua mwenyewe masomo kutoka idara mbalimbali, akaeleza yanaunganishwa na nini, na akikubaliwa akayasoma. Alikaa jikoni kwake Jumapili nzima akaandika mpango wake. Nusu ni ya mwili: mifupa, misuli, uzito na egemeo. Nusu ni ya karakana: vitanda vya hospitali, winchi za kuinulia wagonjwa, mikanda, vitambaa vya kutelezesha. Chini akaandika lengo: kumhamisha mtu asiyejiweza bila kumvunja anayemhamisha.

Akaupeleka dirishani kwa mama wa ofisi ya usajili. Mama yule alisoma ukurasa wa kwanza, akasema fomu hiyo ni ya mwaka uliopita. Jepkosgei akanakili yote kwenye fomu mpya. Akarudi. Akaambiwa lazima iwe imepigwa chapa. Akapiga chapa. Akarudi. Akaambiwa apeleke idara ya ufundi. Idara ya ufundi ikamwambia hili ni suala la michezo. Idara ya michezo ikamwambia ni la uuguzi. Uuguzi wakampa kikombe cha chai, wakamrudisha dirishani.

"Inakosa sahihi moja tu," alisema mama wa ofisi mara ya sita. "Ya mwalimu wa idara unayoihama."

"Yaani Dakta Fidahussein."

"Ndiye huyo."

Jepkosgei alifunga macho, akayafungua, akasema asante.

Alhamisi saa nne asubuhi akapanda tena ile mashine, fomu ikiwa imekunjwa ndani ya mkoba. Hakujizuia. Alikimbia mpaka mate yakajaa ndani ya barakoa, mpaka kijana aliyekuwa akisimamia vipimo akaanza kuogopa. Aliposhuka alikaa sakafuni akaegemea ukuta. Mtambo uliandika thelathini na moja.

Dakta Shamez alichuchumaa karibu naye na ubao wake wa kuandikia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amefikiri, na pengine ingekuwa vyema kutomhesabu kabisa katika utafiti.

"Kwa nini?"

"Unanishushia wastani."

Jepkosgei alikuwa bado anatweta. Alivuta hewa mara mbili, akaanza kusema kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosema na mzee asiyesikia vizuri.

"Dakta, sikia. Nilikwambia Septemba sikimbii. Nikakwambia Novemba. Nimekimbia mara tatu mbele yako, mashine imekwambia mara tatu. Bomba umebadilisha, viatu umebadilisha. Kilichobaki kubadilisha ni mimi. Sasa unataka kunifuta. Wewe wazazi wako ni wa Nakuru, ni kilomita ngapi kutoka Nakuru hadi kwetu? Mbona wewe hawakupandishi mashine?"

Kijana wa vipimo hakuelewa neno. Dakta Shamez aliyaelewa yote. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Na kwa mara ya kwanza tangu Jepkosgei amjue, Kiswahili kikamtoka, kibovu na chenye kutu.

"Mimi... mimi hapana fikiri hivyo."

"Najua hukufikiria. Andika thelathini na moja. Na unitilie sahihi hapa."

Aliitoa fomu mkobani. Vidole vyake vikailowesha jasho pembeni. Dakta Shamez aliisoma yote, akakaa kabisa sakafuni kuisoma, na alipofika kwenye lile lengo chini ya ukurasa aliuliza kwa Kiingereza kama kweli hakuna anayewafundisha.

"Video ya dakika kumi," alisema Jepkosgei.

Akatia sahihi. Wiki mbili baadaye akampelekea ujumbe kwamba namba yake imebaki kwenye utafiti, ila ameiwekea nyota na maelezo marefu chini ya jedwali. Jepkosgei hakutaka kujua maelezo yalisema nini.

Kamati iliyojadili mpango wake ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza aliuliza kama amefikiria kuongeza somo la mbio. Wa pili alikohoa na kupendekeza waendelee. Walimkubali kwa sharti aongeze hesabu, akaongeza, akapata shida nazo mwaka mzima, akarudia mtihani, akapita.

Alihitimu Juni 2015. Chuo kilimwomba picha za kijitabu cha matangazo. Alipigwa moja akiwa karakana na winchi ya kuinulia, na nyingine, kwa kusihiwa, akiwa na raba miguuni. Walichapisha ya raba. Alipiga simu mara mbili kulalamika, akaelekezwa kwenye dirisha lilelile, akakata simu.

Mama Noorbanu alikuwa ameshahamia kwa bintiye Pickering, na huko ndiko Jepkosgei alikopata kazi yake ya kwanza ya kufundisha, katika kituo cha wazee kilichompa chumba kimoja, kitanda kimoja na watunzaji saba. Médiatrice, mmoja wao, mama wa Bukavu aliyekuwa mzito kuliko wote, alijitolea kulala kitandani awe mgonjwa. Jepkosgei aliwaonyesha jinsi ya kumpitishia kitambaa chini ya mgongo, mahali pa kuweka goti, jinsi ya kuuacha uzito uende wenyewe. Wawili walivuta. Médiatrice aliteleza hadi ukingoni kama sinia juu ya meza iliyolowa.

Waliosimama wakainama kutazama. Mmoja aliyekuwa na mkanda wa mgongo juu ya sare yake, binti wa Burundi, alisogea mbele.

"Rudia," alisema. "Sikuona mkono wa kushoto."

"Mrudisheni katikati," Jepkosgei akasema, akazunguka kwenda upande wa pili wa kitanda.