Kiti cha Belevili

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mzee Marhoon alitaka kwenda zake. Wapi, hakusema. Alivaa kofia, akashika bakora, akaenda mlangoni kupambana na kitasa.

"Nna safari mie," alisema. "Mnanichelewesha."

Nasriya, bintiye aliyekuwa akiishi naye kwenye ile nyumba ya Qurum, Maskati, alishajifunza kutobishana. Alimshika mkono, akampeleka kwenye banda la gari, akampandisha Belevili na kumfungia mlango. Mzee alivuta harufu ya ile ngozi kuukuu, akaweka mikono kwenye usukani, na taratibu pumzi zikamshuka. Nusu saa, pengine saa nzima. Kisha alishuka mwenyewe na kuuliza chai iko wapi.

Belevili ndilo jina walilolipa gari lile. Jina lake kamili la Kifaransa, Delaunay-Belleville, halikupata kukaa sawasawa kwenye ulimi wa mtu yeyote nyumbani mle. Lilikuwa gari la mwaka 1911, boneti yake mviringo kama pipa, na baba yake Marhoon alilinunua Unguja karafuu zilipokuwa karafuu. Mwaka 1963 lilipelekwa Mombasa kutengenezwa, mapinduzi yakaja, familia ikawa upande huu na gari upande ule. Miaka kumi na tano baadaye Marhoon alilisaka hadi akalikuta uani kwa mtu, kuku wanatagia kiti cha mbele, akalipakia melini mpaka bandari ya Matrah. Watu walimcheka. Wenzake waliotoka Unguja walikuwa wakihangaikia viwanja, yeye anahangaikia gari lenye mavi ya kuku!

Sasa ilikuwa 2003, mkewe keshakufa, na akili imeanza kumtoka. Mara mbili aliwaponyoka akafika barabara kuu. Mara ya pili dereva alifunga breki hatua mbili tu kutoka kwenye bakora yake. Daktari akaandika vidonge vya kumtuliza. Nasriya alivitia kabatini bila kuvifungua. Alishamwona jirani yake mmoja aliyekuwa akipewa vidonge kama hivyo, mchana kutwa kalala mdomo wazi, na akaapa baba yake hatafanywa vile maadamu Belevili lipo.

Tatizo lilikuwa Suud, kaka yake. Mtu mzuri Suud, mkurugenzi katika wizara moja kule mtaa wa Al Khuwair, lakini alikuwa na maradhi ya kutaka kila kitu king'ae. Kanzu yake haikujua kunjo. Katika mji ambao gari chafu hutozwa faini, yeye aliosha hata lililo safi. Kila akiingia bandani alitazama rangi iliyobabuka ya Belevili, akaguna kama aliyeona aibu ya nyumba imeanikwa nje.

"Nalipeleka gereji, litazamwe injini," alisema siku moja. "Wiki moja tu."

Wiki moja ikawa sita. Nasriya hakujua alivyozipitisha. Alasiri ikiingia alifunga mlango kabla hata mzee hajanyanyuka. Alitia funguo kifuani, akaburuta kiti mlangoni, akakalia njia ya baba yake kama mlinzi wa jela, naye mzee anazunguka kutoka mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, akimwita majina ya watu waliokufa. Alimpigia Suud simu kila siku.

"Lete gari, Kaka Suud."

"Subiri, Nasriya. Utafurahi."

Alhamisi moja, baada ya alasiri, gari likaja juu ya lori. Nyuma yake ilifuata pikapu ya Ivan, fundi Mkenya aliyelitengeneza. Nasriya alilizunguka akitafuta lile la zamani. Rangi ya bluu mpya, taa na honi za shaba zinachoma macho, viti vya ngozi nyekundu iliyotoka dukani. Na Suud alikuwa amelifukiza udi, ndani na nje, kama bibi harusi.

"Baba! Njoo uone!" Suud aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mzee Marhoon akatoka. Akaliangalia kwa adabu.

"Mashaallah. La nani?"

"Lako, baba. Belevili."

Walimpandisha. Akakaa. Akapapasa ile ngozi mpya, akanusa, akageuka huku na huku. Haikupita hata dakika akashuka.

"Gari la watu hili," alisema. "Tutoke, tusije tukasemwa." Akashika njia ya geti.

Nasriya alimkimbilia akamzuia, mzee akasukumana naye, na bakora ikaanguka. Suud alibaki kando ya gari lake linalong'aa, uso umemshuka.

"Basi mpe vidonge," alisema kwa sauti ndogo. "Tufanyeje?"

"Baba alishatolewa kwao mara moja," Nasriya alimjibu, akilia hadharani bila kujali nani anatazama. "Wewe umemtoa mara ya pili."

Suud aliinama akaiokota bakora. Hapo Ivan, aliyekuwa amesimama pembeni akijifuta mikono isiyo na uchafu, akakohoa.

"Mama, samahani. Ile kiti ya zamani iko kwa pikapu."

"Nilikwambia utupe!" Suud alisema.

"Uliniambia, bosi. Lakini kwetu Nakuru fundi hatupi kitu ya mteja. Lazima umrudishie ile ya zamani aione na macho yake, la sivyo atasema umemdanganya, hujabadilisha kitu. Fremu ya kiti nilitengeneza mpya. Ile yenyewe iko nzima."

Akafunua turubai. Kilikuwa chenyewe, kimepasuka pale pale kilipopasuka, manyoya ya farasi yanachungulia. Nasriya alikiwekea mkono kama anayempima mtu homa.

Ivan alilegeza bolti nne, akatoa kiti chekundu, akakipachika kile kikuukuu. Mzee aliongozwa tena, akibisha. Alipanda. Akakaa. Mkono wake ukashuka wenyewe kwenye ule mpasuko, vidole vikaingia ndani, na pumzi zikamshuka. Kisha akamtazama Nasriya.

"Na wewe, bibi, unaelekea wapi?"

Mzee hakuwahi kumsahau yeye. Wengine wote, lakini si yeye. Nasriya akashika mlango wa gari.

"Nakwenda na wewe," alisema.

"Haya, panda." Mzee akasogea kumpa nafasi, akatazama mbele ya gari alikosimama Suud. "Mwambie kijana azungushe hendeli. Jua linakwenda hilo."

Suud alitazama chini kwenye ile hendeli ya kuwashia, aliyokuwa akiizungusha utotoni Unguja, mikono ya baba yake ikiwa juu ya yake. Akapiga goti vumbini, akaishika, akazungusha. Injini ikakohoa kavu, ikanyamaza. Akazungusha tena. Alama ya grisi ikajichora toka begani hadi kifuani mwa kanzu nyeupe, naye hakuitazama.

Ivan aliinama sikioni kwake. "Bosi, gari haina petroli."

"Najua," alisema Suud, akaendelea kuzungusha.