Kando ya Kichuguu

"Malaria," alisema Adome, mkubwa wangu pale zahanati ya Kakuma, hata kabla mtoto Abei hajalazwa kitandani. "Mvua imenyesha. Mpe dawa."

"Ameshapewa mara mbili."

"Jeptoo, hapa si chuo."

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla ya kuutaja ugonjwa mmoja, tuyafikirie yote yanayofanana nao. Mwalimu aliuita utaratibu huo difarensho. Kaka yangu anayefundisha hesabu hulitumia neno hilo kwa mabadiliko madogo mno. Abei alikonda hivyohivyo, kidogo kidogo, bila mtu kushtuka. Nilimpapasa tumbo. Bandama ilikuwa imevimba hadi kitovuni, na juu yake palikuwa na makovu mapya ya moto, tiba ya kienyeji ya uvimbe.

"Mama, huko malishoni mnalala wapi?" nilimwuliza Namuria, mama yake.

"Kando ya kichuguu. Kinazuia upepo."

Vichuguuni ndimo wanamojificha usubi wanaoeneza kalaazar, ugonjwa wa homa unaovimbisha bandama. Vipimo vyake vilikuwa vimetuishia, lakini hospitali ya Lodwar vilikuwepo.

"Gari ni moja tu," Adome alisema. "Ikiwa malaria, utajieleza mwenyewe."

"Nitajieleza."

Njiani daraja moja lilikuwa limeharibika. Tulishuka laghani, kwenye mchanga wa mto mkavu, tukakwama. Gurudumu moja lilizunguka bure, lingine likatulia tu.

"Hiyo ni difu," alisema Lokuruka, dereva. "Inaacha kila gurudumu liende mwendo wake. Kwa kona, safi sana. Kwa mchanga, dada, inabembeleza mvivu."

"Sasa?"

"Naifunga. Yatavuta yote, yapende yasipende."

Kwenye milima mawingu yalikuwa meusi. Maji yangeweza kutufikia wakati wowote. Simu ikalia. Adome. Nilimwambia tulipo.

"Mmekwama? Basi rudini!"

Nilimtazama Abei. Midomo yake ilikuwa imepauka. Magonjwa yote nilikwisha kuyafikiria. Sasa ilinipasa kushika ugonjwa mmoja na kwenda nao.

"Haturudi," nilisema. "Lokuruka, funga."

Gari lilinguruma, likachimba, likapanda ukingo. Namuria akapiga vigelegele.

Lodwar walimtoa Abei tone la damu, wakaliweka kwenye kipimo cha kalaazar. Tulisubiri. Mstari wa kwanza ukatokea. Kisha wa pili.

"Ni malaria?" Namuria aliuliza.

"Hapana, mama. Ni kalaazar. Dawa ipo, anaanza leo."

Aliukumbatia mguu wa mwanawe.

"Ejok, dakta?" Lokuruka aliuliza mlangoni kwa Kiturkana, kama mambo ni mazuri.

"Ejok."

Nilimpigia Adome. Sikumwambia nani alikuwa sahihi.

"Agiza vipimo," nilisema. "Wako wengi wanaolala kando ya vichuguu."