Chuma cha Alama Mbili

Ekeno Aule hakuwa na ng'ombe. Mbuzi alikuwa na mmoja tu, wa kupewa na kanisa, naye alikuwa chongo. Hakuwa na mke, maana Natabo wake alilala makaburini tangu mwaka wa sabini na tatu, wala hakuwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe. Hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hakuwa na saa, hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti cha kumwonyesha mtu kwamba alifanya kazi ya reli miaka ishirini na sita. Na mpaka alipofika umri wa miaka hamsini na minane, hakuwa na herufi hata moja kichwani.

Alichokuwa nacho ni sikio.

Miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa kutembea. Kila asubuhi alishika nyundo ya mpini mrefu, akaifuata reli maili sita, kusini mwa Nanyuki, akigonga misumari mmoja baada ya mwingine. Si misumari hii ya dukani. Msumari wa reli ni mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, na kichwa chake kimepinda upande mmoja ili kiukalie ukingo wa reli na kuubana kwenye taruma, lile gogo zito ambalo reli hulalia. Msumari uliokaza ukiugonga huimba. Uliolegea hukohoa. Ekeno aliweza kusikia kikohozi cha msumari hata upepo wa mlimani ukivuma.

Kwa hiyo Jumanne ile ya Aprili, mwaka wa themanini na moja, alipopita kando ya soko la mifugo la Isiolo akienda darasa la ngumbaru, daftari kwapani, nyundo ya Jarso mfua vyuma ikalia mara moja tu, naye akasimama. Chuma kile alikijua. Kilikuwa kikiimba mahali kisipopaswa kuwa. Isiolo haina reli.

"Salaam aleikum, Jarso."

"Aleikum salaam, Mzee wa Reli! Leo unakuja kunisomea gazeti, ama bado uko kwa a-e-i-o-u?"

"Niko kwa barua sasa. Mwalimu ametufikisha kwa barua za ofisi."

"Wallahi! Kesho utakuwa D.C. Keti basi, bwana D.C."

Ekeno hakuketi. Kando ya mvukuto, chini ya gunia, vyuma vilichungulia. Alilifunua gunia kwa ncha ya fimbo. Misumari tisa ya reli. Akaokota mmoja, akaugeuza kichwa juani. Palikuwa na mikato miwili ya patasi, sambamba, kama chale za shavuni.

Mikato ile aliikata yeye kwa mkono wake.

Katika njia nzima, kutoka Nanyuki hadi Nairobi, msumari wenye alama mbili ulipatikana mahali pamoja tu: Kona ya Mto, ambapo reli hupinda juu ya ukingo mrefu na mto uko chini. Baada ya mtu kufa pale, Ekeno alianza kutia alama kila msumari wa hapo alioukaza mwenyewe, asije mtu akasema haukugongwa. Gangi, kikosi cha mafundi wa reli, lilimcheka, kisha likazoea.

"Hii imetoka wapi?"

Jarso alicheka. "Si ni wewe ulileta ya kwanza?"

Ni kweli. Siku ya kustaafu kwake, wenzake waling'oa msumari mmoja kwenye taruma lililooza, taruma la kutupwa, wakampa uwe ukumbusho. Ekeno akaupeleka kwa Jarso aufue uwe kisu cha kuchinjia. Jarso akanyoosha ubavu ukawa makali, akakiacha kichwa kama kilivyokuwa, kiwe kishikio, na alama mbili zikaonekana. Siku ya harusi moja ya mtaani kisu kile kilichuna mafahali wanne bila kunolewa. Ekeno alikipitisha kwa wazee mkono hadi mkono, akijivuna kidogo. Tuseme kweli: alijivuna sana.

"Tangu siku hiyo watu wa soko hawataki kisu ingine," Jarso alisema. "Wanashika kichwa kwanza, wanatafuta alama. Nikiwapa bila alama, nawaambia chuma ni ile ile, wanakataa. 'Jarso, usitudanganye, leta ile ya Mzee Ekeno.' Nimefua thelathini na kitu mpaka leo."

"Nani anakuletea?"

Jarso aliuacha mvukuto. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Mzee, kwani hujui? Kijana yako. Lokaale. Mimi nilidhani wewe ndiye unamtuma."

Siku hiyo Ekeno hakufika darasani.

Lokaale alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Ekeno alimlea tangu akiwa na miaka minane, na sasa alikuwa taniboi wa lori la kupeleka mbuzi Nanyuki, mtu wa miaka ishirini na moja, wakiishi pamoja katika nyumba ya mabati kule Kiwanjani. Jioni, jua bado liko juu, alimkuta akiosha miguu mlangoni.

"Mjomba, mbona umerudi mapema? Mwalimu amewafukuza?"

Ekeno aliuweka msumari juu ya kigoda. Lokaale aliutazama, akaendelea kuosha mguu uliokwisha kutakata.

"Ah," alisema. "Hiyo."

"Unang'oa na nini?"

"Na ule mtaimbo wako wa chini ya kitanda. Ulinionyesha mwenyewe nikiwa mdogo, vile unaingiza ulimi yake chini ya kichwa, unalalia."

"Mbona Kona ya Mto? Reli ni ndefu."

"Huko kwingine haina alama, mjomba. Jarso hachukui." Kisha, alipoona uso wa mjomba wake, akaharakisha. "Lakini sing'oi yote. Mimi si mjinga. Nang'oa moja, naacha moja. Na kwa shimo naingiza kijiti, napaka oili chafu. Gangi wakipita wanaona vichwa vyote viko. Na siku hizi hawapiti sana."

"Hawagongi?"

"Wanaangalia tu."

"Upande gani wa reli?"

"Ule wa nje. Wa mtoni. Huko sionekani."

Ekeno alikaa chini. Treni kwenye kona ni kama fahali anayezungushwa kwa kamba: nguvu yake yote huenda nje. Upande wa ndani unaweza kulegea, na treni ikapita ikilalamika. Upande wa nje haulegei mara mbili. Aliiona ile kona yake kama anavyoona kiganja chake, misumari ikiwa imepangwa kama meno, na kila jino la pili ni ubao.

"Wacha nikuambie, mjomba," Lokaale alisema. "Juzi treni imepita. Nimeiona na macho yangu. Haikuanguka."

"Hata baba yako alipita," Ekeno alisema. "Alipita mara nyingi."

Mguu wa Lokaale ulibaki ndani ya karai.

Hapo ndipo Ekeno alipomwambia jambo alilolificha miaka kumi na mitatu. Mwaka wa sitini na nane, kabla ya alama, misumari mitano ilikohoa Kona ya Mto. Ekeno alitembea hadi stesheni akamwambia karani. Karani akamsukumia kitabu: andika hapa. Ekeno akasema hajui kuandika. Basi nitakuandikia nikimaliza chai, karani akasema. Chai ikaisha, siku ikaisha, mvua ikanyesha siku mbili. Nakuam, shemeji yake, rafiki yake, baba yake Lokaale, alikuwa ameketi juu ya treni ya kokoto. Reli ikafunguka kama mkasi. Behewa likamlalia mtoni. Na wakubwa walipofungua kitabu, ukurasa ulikuwa mweupe. Wakaandika kwamba mpiga nyundo hakusema.

"Uliniambia ni ajali ya treni," Lokaale alisema.

"Nilikuambia nusu."

"Kwa nini?"

"Aibu. Ningekuambia nusu ya pili, usingeugusa huo mtaimbo."

Lokaale aliutoa mguu karaini. Upande wa kusini, juu ya mlima, wingu lilikuwa limekaa jeusi kama sufuria, na ngurumo ikaviringika mbali. Isiolo palikuwa pakavu, lakini huko juu, relini, mvua ilikwisha kuanza.

"Nitarudisha," Lokaale alisema. "Kesho lori inapanda. Nitarudisha yote."

"Utarudisha visu?"

Lokaale aliyamwaga maji ya karai. Ekeno alihesabu siku kwa vidole alivyobakiwa navyo. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa shule zinafungwa, na treni ya Ijumaa itapita Kona ya Mto mabehewa yamejaa wanafunzi hadi milangoni.

Asubuhi alipoamka, kitanda cha Lokaale kilikuwa kitupu. Aliinama, akapapasa chini ya kitanda chake mwenyewe. Mtaimbo haukuwepo.

Alikwenda kwa Jarso kwanza. Gunia lilikuwa limelala bapa.

"Amekuja kumekucha tu," Jarso alisema. Leo hakuwa na utani. "Amechukua zote nane zilizobaki na nyundo yangu kubwa. Nimemuuliza, hasemi. Mzee, kuna ubaya?"

"Upo. Usifue tena chuma yenye alama. Hata mtu akikulilia."

"Sijui ilikuwa inashika nini, mzee. Haki ya Mungu, mimi reli sijawahi kuiona."

"Najua."

Pamoja na ule uliotoweka kigodani, misumari tisa. Labda kijana alikwenda kuirudisha. Labda alikwenda kuiuza kwingine na kupotelea Lodwar. Hata kama ni kurudisha, tisa haizibi thelathini, na msumari uliokwisha kung'olewa ukirudishwa katika shimo lile lile haushiki kama mwanzo. Ekeno alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai.

Darasa la ngumbaru lilikuwa nyuma ya kanisa. Mwalimu Gaceri, binti wa Meru aliyekuwa na umri wa kuwa mjukuu wake, alikuwa akifuta ubao.

"Habari ya asubuhi, mzee. Jana umekosa. Tulifanya namna ya kuanza barua ya ofisi."

"Nifundishe sasa, mwalimu. Hii si ya mazoezi."

Alimpa karatasi na kalamu, akamwonyesha mahali pa kuandika anwani, akanyamaza. Ekeno aliandika kwa muda mrefu. Jasho lilidondoka kwenye meza, akasogeza karatasi. Aliandika hivi:

*Kwa Mkaguzi wa Njia ya Reli, Nanyuki. Simamisheni treni ya Ijumaa. Kona ya Mto, upande wa nje, misumari zaidi ya thelathini imeng'olewa. Msiangalie kwa macho, mtaona vichwa. Ni vijiti vilivyopakwa oili. Gongeni kwa nyundo. Mimi Ekeno Aule, mpiga nyundo wa zamani, nilileta msumari wa kwanza mjini nikajivunia, na watu wakautaka. Aliyeng'oa ni Lokaale Nakuam, mtoto wa dada yangu. Mimi niko nyumbani kwangu Kiwanjani, sitaondoka. Mwaka wa sitini na nane nilisema kwa mdomo. Sasa nimeandika.*

Mwalimu Gaceri alisoma, akasoma tena. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Mzee... si ungeandika tu 'watu wasiojulikana'? Huyu ni mtoto wako. Watamfunga."

"Barua isiyo na mtu hutupwa, mwalimu. Herufi nisahihishie. Majina yaache."

Hakusahihisha hata moja. Aliirudisha, na Ekeno akaishika kalamu tena, akakaa akiitazama karatasi. Kichwani alimwona Lokaale juu ya ukingo wa reli, mtaimbo begani, mvua ikimpiga, na askari wa reli wakitokea upande wa pili. Mtu mwenye mtaimbo kwenye reli haulizwi amekuja kung'oa au kukaza. Akaongeza mstari mmoja chini ya jina lake:

*Mkimkuta kijana pale na mtaimbo, msimpige risasi. Amekuja kurudisha.*

Hakujua kama mstari ule ulikuwa kweli. Katika barua nzima ndio pekee alioandika bila kujua.

Bahasha ya mwalimu ilikuwa ya zamani, na gundi yake ilikwisha kukauka kwa vumbi. Ekeno alichovya kidole katika kikombe cha uji wa mwalimu, akapaka ukingo, akaufunga, akaukandamiza kwa ngumi yenye vidole vitatu mpaka ukashika. Akaujaribu kwa ukucha. Haukufunguka.

Basi la Nanyuki lilikuwa likinguruma tayari. Angeweza kupanda mwenyewe. Lakini alijijua: akifika mbele ya meza ya mkubwa, akiulizwa jina la kijana, ulimi ungelegea, kama ulivyolegea mbele ya yule karani. Barua ilikuwa imekaza.

"Jasper," alimwambia dereva dirishani, "hii uiweke mkononi mwa Mkaguzi wa Reli. Mkononi. Si kwa karani. Na ukiona mvua barabarani, usingoje iishe."

"Mzee wa Reli ameanza kuandikia wakubwa!" Jasper alicheka, akitafuna miraa. "Ni ya mapenzi ama ni ya madai?"

"Ni ya watu wa Ijumaa."

Jasper aliacha kutafuna. Aliipokea bahasha, akaitazama pande zote mbili, akaiweka mbele ya kioo, kando ya kisu chake cha kukatia miraa. Kishikio cha kisu kilikuwa kichwa cha msumari, kimepinda upande mmoja, na jua la asubuhi likaangukia alama zake mbili.

Basi likaondoka kuelekea mlimani, kwenye lile wingu.