Malkia Aliyeimba Ukutani

Tiiii, ti, ti, ti.

Sauti ilikuwa nyembamba, kama mtoto anayejifunza kupuliza filimbi, nayo ilitoka ndani ya ukuta wa jiko. Nje kulikuwa bado giza. Nilikuwa nimeinama napuliza moto, nikaacha nisikilize. Mwalimu Josephina, mpangaji wangu aliyehamishiwa huku Busunzu kutoka Tanga, akatoka chumbani na kanga kifuani, akipapasa huku na huku.

"Bibi, simu yangu inalia wapi?"

"Si simu, Mwalimu. Ni nyuki."

Nyuki hao waliingia kwenye ufa wa ukuta mvua za mwaka jana, nami sikuwafukuza. Mwalimu akaweka sikio. Ti ikalia tena, halafu kutoka ndani zaidi zikajibu sauti nzito: kwa, kwa, kwa. Akashika mdomo kwa furaha.

"Bibi, nimelisoma jambo hili lakini sijawahi kulisikia! Anayelia ti ni malkia kijana, ameshatoka. Wanaomjibu ni dada zake, bado wamefungiwa kwenye vyumba vya nta. Nyuki wafanyakazi wanawazuia humo ili wasiuane, mpaka huyu ahame na kundi lake."

"Kwa hiyo atahama?"

"Labda leo hii, jua likiwaka."

Sikungoja uji uive. Nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa Ininahazwe.

Huyu ni jirani yangu, wazazi wake walitoka Burundi. Nilipolala na homa, ndiye aliyenichotea maji kila siku, na sufuria zangu alizisugua bila kuombwa. Marehemu baba yake alikuwa mfugaji wa nyuki, naye peke yake kati ya ndugu zake ndiye anayetaka kuendeleza kazi ile. Tangu kiangazi ametundika mizinga mitini, na yote mitupu, haina ila mijusi. Mwanangu Kipriani humtania kila wanapokutana, "Shemeji, mijusi wako wameshatoa asali?" Yeye hucheka. Lakini wiki iliyopita malkia mzee alipohama ukutani kwangu na kundi la kwanza, likavuka bonde tukilitazama tu, nilimwona akijifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Bibi, kwema alfajiri hii?"

"Kwema, mwanangu. Shusha mzinga mmoja, upake nta, usugue mchaichai, harufu iwavute. Kuna malkia anaimba kwangu."

Alikuja nao kichwani, karibu akimbie.

Jua lilipopanda, ufa ukaanza kumwaga nyuki kama gunia la ulezi lililotoboka. Uwanja mzima ukavuma. Kipriani alikuwa amefunga maharage yake kwenye pikipiki aende Kasulu, akakimbilia nyuma ya mgomba. Nyuki wakazunguka, wakazunguka, mwishowe wakatua kwenye usukani wa pikipiki, wakaning'inia kama mkungu wa ndizi.

"Mama! Wamepanda!"

"Waache," alisema Ininahazwe. "Nauli watalipa asali."

"Usiwapige tu," Mwalimu akamwambia Kipriani. "Nyuki wanaohama wameshiba, tena hawana nyumba ya kulinda. Huwa wapole."

"Huwa! Mwalimu, hiyo 'huwa' njoo uisemee hapa karibu."

Ininahazwe akainua mzinga juu ya kundi, mdomo chini. Nikaweka fimbo chini, nikashika upande wa pili. Nyuki hawakusogea. Niliuona uso wake ukianza kunywea. Kisha mmoja akapanda, akafuata mwingine, halafu wote wakaanza kutembea kuingia gizani, taratibu, kama waumini mlangoni. Wengine wakasimama pale mdomoni, wakainua mikia na kupepea mbawa.

"Wanawaita wenzao kwa harufu," Mwalimu akanong'ona.

"Na wale wanene?" Kipriani aliuliza kutoka mgombani.

"Madume. Dume la nyuki halina baba, linatoka kwenye yai lisilorutubishwa. Ila babu linaye, baba yake mama."

"Halina baba, lina babu! Basi limelelewa na bibi. Ndiyo maana limenenepa!"

Nilicheka mpaka mzinga ukayumba.

"Bibi, usicheke, utanimwagia malkia!" akalia Ininahazwe, naye akicheka, machozi yakimtoka, na safari hii hakuyafuta.

Kasulu haikuendwa siku hiyo. Jioni nyuki walipotulia, Kipriani mwenyewe aliubeba mzinga taratibu mpaka kwa Ininahazwe, nami nikifuata nyuma, akaupandisha mtini na kuufunga kwa kamba zake za maharage.

"Shemeji," alisema aliposhuka, "mijusi wako umewapa notisi?"

Ininahazwe alikuwa ameegemeza sikio kwenye shina, akitabasamu kwa mvumo aliousikia, au aliodhani anausikia. Kisha akanisindikiza mpaka kwenye njia panda, akiniondolea mawe mbele ya fimbo yangu.

"Bibi," alisema akinishika mkono, "Jumapili uje tena. Uje unisikilizie wanasemaje."