Asipungue Kitu

Siku walipokuja kumnakili Dada wa Mapokezi, kliniki ya meno ilifunguliwa saa tatu badala ya saa mbili, na wagonjwa waliokuja na mashavu yamevimba wakaombwa wavumilie kidogo. Mafundi walikuwa wawili. Walimkalisha kwenye kiti kilekile alichokalia miaka tisa, nyuma ya kaunta, wakampitishia taa ya buluu kuanzia utosini mpaka kwenye kucha za miguu. Daktari, mwenye kliniki, alisimama pembeni na kikombe chake cha chai, akatoa agizo moja tu.

"Mnakilini kama alivyo. Asipungue kitu."

Fundi mkubwa akaandika kwenye fomu: kama alivyo, asipungue kitu. Dada alitaka kusema jambo, akaona haya. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, na hata mumewe alikuwa bado hajaambiwa. Sasa jambo kama hilo mtu unalianzia wapi, mbele ya wanaume watatu na taa?

Roboti ililetwa baada ya miezi minne, imefungwa ndani ya katoni ya friji. Ilikuwa yeye mtupu. Mwanya uleule, kovu lilelile la mafuta ya moto kwenye kiganja cha kushoto, na ile tabia yake ya kushika hereni kila anapodanganya. Mhudumu yeyote wa kliniki hudanganya mara kumi kwa siku: "Daktari anakuja sasa hivi." Roboti nayo ikasema Daktari anakuja sasa hivi, ikashika hereni. Mama Deki, mfanya usafi, aliwatazama wawili hao, mmoja ana tumbo la miezi sita na mwingine tumbo flati, akasema, "Haya, pacha hao." Jina la roboti likawa hilo.

Wagonjwa walimwogopa mwanzoni. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi alikataa katakata kutoa kadi yake. "Hii inanitazama bila kupumua," alilalamika. Kesho yake fundi akaja kuiwekea pumzi, kifua kikawa kinapanda na kushuka. Mzee akasema afadhali jana.

Lakini binadamu ni mtu wa kuzoea. Pacha hakuchoka, hakununa, na alijua kusema pole. Aliisema ile pole ya mtu anayejua jino linavyouma, akiinamisha kichwa kidogo, mpaka watu wasio na jino bovu wakaanza kuja asubuhi wakikaa kwenye benchi wapewe pole yao waende kazini. Wiki ya kwanza walisema "hii inaongea." Wiki ya tatu wakasema "huyu ana adabu." Hakuna aliyewaambia wabadilishe, ulimi wenyewe ndio ulioamua.

Dada ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwonyesha droo inayokwama, mgonjwa anayezimia akiona sindano, na namna ya kuandika majina ya watu wanaoongea huku mdomo umejaa pamba. Mimba ilipofika miezi saba akaandika barua ya kuomba likizo ya uzazi. Daktari aliisoma yote, akafuta miwani.

"Hongera sana, Dada. Kwa kweli nimefurahi. Lakini likizo ya nini, wakati kazi ina mtu?"

"Ina mtu gani?"

"Pacha."

Dada akachukua ndala zake za chini ya kaunta na kikombe chake chenye mpini uliogundishwa. Mlinzi akambebea mfuko mpaka getini. Miaka tisa, jamani, na mfuko wenyewe haukujaa hata nusu. Iliuma, na usiku ule alimwambia mumewe kwamba kinachomuuma zaidi ni kile kiti, kwa sababu kilikuwa kimeshachukua umbo lake. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mnene, mwenye sauti ya muuza samaki.

Pacha naye akaanza na fizi. Daktari alipita mapokezi akaona zimevimba, akatoa kioo chake kidogo, akapapasa, pamba ikatoka na damu.

"Fizi hizi ni za mjamzito," akasema, kama anavyosema jino hili linatoka.

"Mimi nilijua zamani," Mama Deki akasema. "Tangu alipoanza kulamba chokaa ya ukutani."

Macho yote yakamgeukia mlinzi. Mlinzi akaapa kwa Mungu na kwa marehemu baba yake kwamba yeye hata kumsalimia humsalimia kwa mbali. Fundi mkubwa akaitwa. Akaifunua fomu yake, akaweka kidole pale pale.

"Mlisema asipungue kitu. Yule alikuwa na mimba, tukanakili na mimba. Kosa letu liko wapi?"

Kosa halikuonekana. Daktari akakitoa kabatini kijitabu cha dhamana, na humo, ukurasa wa kumi na moja, iliandikwa kwamba mashine yoyote inayobadilika umbo ipumzishwe miezi mitatu mahali penye hewa, iwe na mtu wa kuiangalia, kisha irudishwe kwenye nafasi yake ileile. Isipofanyiwa hivyo, dhamana imekufa. Daktari alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Chumba cha picha za meno kikaondolewa mashine, kikaingizwa godoro, feni na beseni. Mama Deki akapewa kazi ya kumkanda Pacha miguu kila jioni. "Akishajifungua apumzike," Daktari alisema, "asisumbuliwe na mtu."

Pacha alijifungua Jumanne, kati ya mgonjwa wa kuziba na mgonjwa wa kung'oa. Mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, ana joto kama simu iliyotoka kuchajiwa. Hakulia. Alifumbua macho akasema, "Karibu, nikusaidie nini?" Mama Deki akamjibu kwamba amekaribia, akamfunga kwenye taulo.

Ikabaki kaunta tupu. Wagonjwa wakaanza kugombania zamu, mmoja akaondoka na kadi ya mwenzake na nusura ang'olewe jino la watu. Daktari akamtuma mlinzi nyumbani kwa Dada. Mtoto wa Dada alikuwa na miezi minne, anaishi kwa ziwa la mama tu.

"Ni kwa miezi mitatu," Daktari akamwambia. "Unashika nafasi ya Pacha, mpaka amalize uzazi."

"Nafasi ya Pacha," Dada akarudia.

"Eeh. Na utavaa sare yake. Wagonjwa wamemzoea, sitaki kuwachanganya. Wakijua wewe ni mtu wataanza kukupigia kelele. Usipepese macho sana. Chooni uende mchana tu. Mtoto usije naye."

"Na miezi mitatu ikiisha?"

"Pacha anarudi. Ndivyo dhamana inavyosema."

Mumewe alisema kataa. Mama yake mzazi alisema heri nusu shari kuliko shari kamili, akajitolea kukaa na mtoto na chupa. Jumatatu alfajiri Dada alimnyonyesha mtoto mpaka akalala, akaenda. Alipokaa, kiti kilimpokea bila kumuuliza alikuwa wapi. Kwa dakika kama mbili hivi alifurahi, na asiseme mtu kwamba hakufurahi.

Saa nne asubuhi, mtoto wa Pacha akaamka kule chumba cha nyuma. "Karibu, nikusaidie nini?" akaita kwa njaa. "Karibu! Karibu!" Maziwa ya Dada hayakungoja ruhusa. Yalichuruzika yenyewe, yakaloanisha sare ya buluu madoa mawili, kisha doa moja kubwa. Yeye akatazama mbele bila kupepesa. Nyumbani, saa hiyohiyo, bibi alikuwa akihangaika na chupa iliyokataliwa.

Mzee mwenye kofia ya sufi alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Jamani," akaita, "mashine yenu inavuja!"

Daktari akatoka na glavu mkononi, akatazama, akafikiri kidogo.

"Ni kawaida, mzee. Itakauka. Mpe tu kadi."

Mzee akatoa kadi. Dada akaipokea, akashika hereni, akasema Daktari anakuja sasa hivi. Mzee akainama juu ya kaunta akamchunguza, mwanya, kovu, na pumzi iliyokuwa ikipanda na kushuka, safari hii bila mpango.

"Wamejitahidi," akawaambia wenzake wa benchi. "Yule wa kwanza alikuwa mtu kabisa. Lakini hii nayo inakaribia."

Wenzake wakakubali kwamba inakaribia.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Pacha alitoka taratibu, kwa hatua za mzazi, mtoto begani. Watu wa benchi wakasimama kumpisha, wakampa hongera, mmoja akamuuliza usiku analala vizuri? Pacha akawashukuru. Akazunguka kaunta, akalichukua taulo la mtoto, akamfunika Dada kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

"Pole, Dada."

"Asante, nimeshapoa," Dada akasema, akashika hereni.

Pacha aliutazama ule mkono kwenye hereni, akauelewa, kwani ulikuwa wake pia. Kisha akarudi kupumzika, kama ilivyoandikwa, na mgonjwa aliyefuata akasogea na kadi yake.