Chupa Zilizooshwa

Lebo sita zilikuwa zikielea kwenye beseni la povu. Romani alipoziona, alilikimbilia.

"Nimekuoshea machupa yako," alisema mama yake, Bi Bernadeta, akijifuta mikono kwa kanga. "Lo, mwanangu! Vumbi lote lile, na wageni wanakuja?"

Alikuwa amefika juzi tu kutoka Masasi. Huko alitengeneza na kuuza uraka, ile pombe ya mabibo, na muuza uraka anayejiheshimu hamwekei mgeni chombo chenye vumbi, hata awe mgonjwa wa kitandani. Utamlaumu kwa lipi?

Chupa za Syrah, mvinyo mwekundu, zilisimama mezani, zinang'aa, zote sawasawa. Tatu zilikuwa Syrah ya shamba la mlimani, ile inayowatoa watu jasho mnadani. Tatu zilikuwa za bondeni, nzuri tu, za kawaida. Mtengenezaji mmoja, mwaka mmoja, umbo moja. Sasa ipi ni ipi? Mungu ndiye ajuaye.

Romani alitaka kupiga ukelele, akaumeza. Kwa miaka kumi na miwili, kwa mshahara wa mhudumu wa hoteli, alizinunua moja moja kwenye minada. Hapo nyumbani kwake Tegeta alizilaza kwenye chumba chenye kiyoyozi, yeye mwenyewe akalala na feni mbovu. Na sasa Marselino, dalali wa mvinyo, alikuwa njiani na wanunuzi wawili. Mauzo hayo yakienda sawa, angemfanya Romani kuwa mwonjaji wake, mtu ambaye akisema neno juu ya mvinyo, linaaminiwa. Romani aliitaka kazi hiyo kuliko fedha yenyewe.

Rafiki yake Stephano, aliyekuja kupanga viti, alizikung'uta lebo maji.

"Gundi ipo, braza. Bandika."

"Nikibandika ya mlimani kwenye ya bondeni?"

"Kwani nani atajua?"

Honi ikalia getini. Romani akaishika gundi, akabandika lebo ya kwanza, akainyoosha kwa kidole gumba. Bi Bernadeta alikuwa akimtazama.

"Kumbe yale makaratasi yalikuwa na kazi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Romani aliibandua ile lebo, akaenda kuwafungulia wageni, na kabla hawajaketi akawaeleza yote, ila hakumtaja mama yake.

Wanunuzi wakatazamana. Marselino akacheka.

"Basi si ndiyo kazi yako? Fungua moja, uonje, utuambie ni ya wapi. Ukiijua, hizo tano naziuza kwa pamoja, bila lebo, kwa neno lako."

Kizibo kikatoka. Romani akanusa, akanywa. Ilikuja ladha ya pilipili manga, ukafuata moshi, kisha kitu kama zambarau zilizoiva sana. Ilikuwa tamu ajabu.

"Mlimani au bondeni?" aliuliza Marselino.

Ilikuwa rahisi kusema mlimani. Maneno yote aliyojitapia kuhusu Syrah hizi aliyasoma vitabuni. Yeye alinunua, akalaza, akafunga mlango. Hakuna hata moja aliyowahi kuifungua.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuzionja."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

Mnunuzi mmoja aliguna. Marselino alifunga kompyuta aliyokuja nayo kuandikia bei, wote wakainuka.

"Romani, baba," alisema Bi Bernadeta, macho yamemlowa, "nimekuharibia?"

"Si wewe, mama." Aibu ilimchoma hadi masikioni, lakini ule mvinyo ulikuwa bado unageuka ladha ulimini mwake. Akaivuta chupa ya pili.

"We! Hiyo ni hela!" Stephano alimaka.

"Mama, niletee glasi nyingine."

Kizibo cha pili kikatoka. Marselino, aliyekwisha kuvuka kizingiti, akasimama. Romani akaonja ya kwanza, akaonja ya pili, akarudia ya kwanza.

"Enhe?" Marselino aliuliza kutoka mlangoni. "Ipi ya mlimani?"

"Subiri kwanza," alisema Romani, amefumba macho. "Usinisemeshe."